Kusitiri na Kufichua: Mfokaji wa Kike na Haki ya Kusema kwa Niaba ya Wengine

Utangulizi

Methali isemayo kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hutumiwa mara nyingi kuufunga mjadala. Katika mazungumzo kuhusu muziki wa kufokafoka wa Nairobi, methali hiyo hufasiriwa hivi: msanii aliyezaliwa Kibera ana haki ya kuisema Kibera, na aliyezaliwa kwingineko hana. Makala hii inaukosoa mtazamo huo. Inadai kwamba methali yenyewe inahusu maarifa, nayo maarifa hayatoshi kumpa mtu haki. Aliyekilalia kitanda huwajua kunguni, lakini bado hajapewa ruhusa ya kuwatangaza waliolala naye. Suala hili linamgusa hasa mfokaji wa kike anayejitegemea, yaani asiye chini ya kampuni ya muziki. Kodi ya chumba, maji ya kununua kwa mtungi, hofu ya kwenda chooni usiku na mume asiyerudi ni mambo yanayotoka ndani ya nyumba za jirani zake.

Makina kama Mahali pa Kusemea

Makina ni miongoni mwa vijiji vya kale vya Kibera. Wakazi wake wa awali walikuwa askari Wanubi wa jeshi la kikoloni pamoja na jamaa zao, waliopewa makao huko mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe la Kibera linatokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Jamii hiyo iliishi kwa miongo mingi bila hati ya ardhi, hadi ilipopewa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Wapangaji wengi wa makabila mengine wanaoizunguka hawana hati yoyote hadi leo.

Historia hii inamhusu mhakiki kwa njia mbili. Kwanza, nani ni "mwenyeji" wa Kibera ni swali lenye ubishi, kwa hiyo kuijenga haki ya kusema juu ya uenyeji ni kujenga juu ya mchanga. Pili, wanawake wa Kinubi wana ngoma yao ya arusini, doluka, ambamo mwanamke huimba hadharani mbele ya watu wanaomfahamu. Kwa hiyo mwanamke anayeshika kipaza sauti Makina hakuanza kusema baada ya kusikia kanda za Marekani. Kundi la Kalamashaka la Dandora lilipoipa Sheng heshima ya jukwaani mwishoni mwa miaka ya 1990, na Nazizi akasikika na kundi la Necessary Noize miaka michache baadaye, vilichobadilika ni chombo na ukubwa wa hadhira.

Tatizo la Nafsi-neni

Uhakiki wa ushairi hutufundisha kuitenga nafsi-neni na mtunzi. Hadhira ya ufokaji haikubali utengano huo. Humtaka msanii awe ameyaishi anayoyasema. Hapo mfokaji hunaswa baina ya mambo mawili. Akisimulia kufukuzwa kwa jirani yake kwa nafsi ya "mimi", anajivika taabu isiyo yake na kuvuna sifa kwayo. Akisimulia kwa nafsi ya "yeye", basi katika ploti ambapo vyumba hutenganishwa na bati moja, kila mtu anamjua huyo "yeye". Gayatri Spivak aliuliza mwaka 1988 iwapo mnyonge anaweza kusema. Makina yahitaji swali la pili: mnyonge akishasemwa, anaweza kumjibu aliyemsema?

Mfano wa Siti binti Saad

Jibu mojawapo linapatikana Zanzibar. Siti binti Saad, aliyefariki mwaka 1950 na ambaye Shaaban Robert alimwandikia wasifu, alikuwa mwanamke wa asili duni aliyewahi kuchuuza vyungu. Wimbo wake mmoja unajulikana kwa jina la Kijiti, mtu aliyetuhumiwa kumnajisi na kumuua mwanamke mgeni kisha akatoroka. Wanawake waliotoa ushahidi ndio walioadhibiwa na mahakama, kwa kuwa walinunua pombe iliyonywewa siku ile. Wimbo umebeba jina la mtuhumiwa, wala haukubeba jina la aliyeuawa.

Katika maadili ya Waswahili, sitara ni haki ya mtu na kumsitiri mwenzio ni wajibu. Wimbo huo unaonyesha kwamba wajibu huo una mipaka yake: anayedhulumiwa husitiriwa, anayedhulumu hufichuliwa. Zaidi ya hayo, Siti aliimba mbele ya watu wa Ng'ambo, waliokijua kisa chenyewe. Laiti angalikipotosha, wangalimsuta.

Ikumbukwe pia kwamba mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya kigeni. Mkataba huo haukumnyamazisha. Kumbe kujitegemea hakupimwi kwa kuuliza nani anamiliki sahani ya santuri pekee.

Kujitegemea na Nani?

Mfokaji asiye na kampuni hana bwana wa kumkata ulimi. Hata hivyo, wapo wanunuzi wengine. Wageni hutembezwa Kibera kuitazama, na mashirika hugharimia nyimbo zenye ujumbe uliokwisha kuamuliwa. Mbele ya hadhira hiyo dhiki ya jirani huweza kugeuka bidhaa, na msikilizaji wa mbali hana njia ya kujua kilichopotoshwa. Msanii anayewategemea wasikilizaji wa namna hiyo amehama bwana tu, hata kama kila shilingi ni yake.

Huenda ikapingwa kwamba kumtaka msanii akubali kujibiwa na jirani ni kumrudisha chini ya rungu la jamii, ambayo aghalabu huwaamuru wanawake wanyamaze. Pingamizi hili lina uzito. Lakini kujibiwa si kuombewa ruhusa. Mwenye nyumba katili na mume mpigaji nao ni majirani, na hao hawana haki ya sitara juu ya udhalimu wao. Mwenye haki ya kumsuta mfokaji ni yule ambaye machozi yake yametumika katika ubeti.

Hitimisho

Haki ya kusema kwa niaba ya wengine haizaliwi na mtu, wala hainunuliwi kwa kuteseka. Hupatikana na kupotea katika kila utungo. Mhakiki anayeuliza iwapo mfokaji amelala katika kitanda hicho ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyosalia ni iwapo mama wa chumba cha pili, akiusikia wimbo redioni huku akifua, ataweza kutoka nje, abishe hodi na kusema, "Mwanangu, hapo hukusema kweli," naye afunguliwe mlango.