Deni la Mwenye Kupima

Wahenga wetu walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Huenda walipoitunga methali hii walimfikiria mfanyabiashara na duka lake. Sisi wa leo yatupasa kuipeleka mbele zaidi, tuihusishe na mali isiyo na duka wala kufuli: maji ya mito, hewa tuivutayo, na udongo utupao chakula. Mali hii nayo ina daftari lake, yaani vipimo vya wataalamu wanaochota maji katika chupa, wakayapeleka maabara, wakaandika kilichomo ndani yake. Swali ninalotaka tulitafakari katika makala haya si la kemia, bali la maadili: mtu akishapima, na akishajua kwamba maji yana sumu, ana deni gani kwa yule anayeyatumia?

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba kulinda maji si fikra ngeni kwetu. Wachagga wa Kilimanjaro walichimba mifereji waliyoiita mifongo, wakateremsha maji kutoka mlimani hadi migombani. Kila mfongo ulikuwa na wasimamizi wake na zamu zake za kumwagilia, na aliyekosa kufika siku ya kuusafisha alitozwa faini. Wapare nao walijenga ndiva, mabwawa ya kuhifadhia maji ya mashamba. Katika desturi hizo mlinzi wa maji na mtumiaji wa maji walikuwa watu wale wale, na uchafu walioukemea ulionekana kwa macho au kunuka puani: matope, mzoga, majani yaliyooza. Mzee hakuhitaji maabara ili amwonye kijana aliyeharibu chemchemi.

Leo mambo yamebadilika. Madini kama risasi na zebaki yakiingia majini hayana budi kutafutwa kwa vyombo, kwani maji yaweza kuonekana maangavu huku yamebeba madhara. Hapo jicho la mzee limefika kikomo chake, na jicho la mtafiti limechukua nafasi yake. Ndiyo sababu taifa letu lilitunga sheria mwaka 1983 ya kuunda Baraza la kusimamia hifadhi ya mazingira, na mwaka 2004 likatunga Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, iliyotamka kwamba kila akaaye Tanzania ana haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya. Basi anayepima hapimi kwa niaba ya nafsi yake. Tumemwazima macho yetu.

Tuutazame Mto Msimbazi. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya Dar es Salaam, na kuishia katika Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Njiani hupokea maji taka ya viwanda na ya majumba, na bondeni mwake watu hulima mchicha na matembele yauzwayo sokoni. Watafiti wameupima mto huu tangu miaka ya 1980. Mwaka 1999 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa mboga zilizolimwa kando ya Msimbazi na Sinza, nayo yalionyesha kuwamo kwa madini mazito, risasi ikiwa mojawapo, ndani ya majani yenyewe. Kazi hiyo ilikuwa njema na ya lazima. Lakini ilichapishwa kwa Kiingereza, katika jarida la kitaalamu. Je, yule mama aliyeinunua mboga ile akampikia mwanawe, angeisoma wapi?

Kuna watakaosema kwamba ni heri asiisome. Mkulima wa bondeni, watasema, hana shamba jingine; ukitangaza kwamba mchicha wake una risasi, umemnyang'anya chakula cha leo kwa kumwepusha na ugonjwa wa kesho. Tena vipimo huweza kukosewa, na habari isiyothibitishwa huleta taharuki. Hoja hizi si za kupuuzwa. Mtafiti anayesubiri kurudia kipimo chake kabla ya kusema anatenda haki. Hata hivyo, kunyamaza kwa ajili ya kuhakikisha ni jambo moja, na kunyamaza kwa ajili ya hofu ni jambo jingine kabisa.

Tofauti hiyo yaonekana wazi katika msiba uliotokea Minamata, nchini Japani. Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga baharini maji taka yenye zebaki. Mwaka 1956 uligunduliwa rasmi ugonjwa uliowafanya wavuvi na watoto wao watetemeke, wapoteze uoni na washindwe kusema. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto walieleza kwamba chanzo ni zebaki. Mwaka huo huo daktari wa hospitali ya kampuni yenyewe, Hajime Hosokawa, aliwalisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda, na paka mmoja akaugua kama walivyougua watu. Matokeo hayo hayakutolewa hadharani. Sumu iliendelea kumwagwa hadi mwaka 1968, ndipo serikali ya Japani ikakiri rasmi chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1970 daktari yule alitoa ushahidi wake akiwa kitandani mgonjwa. Kipimo kilikuwapo kwa miaka mingi. Kilichokosekana ni kauli. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na hapa walioumbuliwa na kifo hawakuwa wale walioficha.

Msiba ule hauko mbali nasi kama tudhaniavyo. Wachimbaji wetu wadogo, huko Geita na Chunya, wametumia zebaki hiyo hiyo kunasia dhahabu, na mwaka 2020 Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata unaokusudia kuipunguza na kuikomesha. Lakini mkataba hausomwi kando ya karai la kuoshea mchanga. Mchimbaji anayechoma zebaki karibu na jiko la familia yake anahitaji kuambiwa na mtu anayemwamini, kwa maneno anayoyaelewa, kwamba moshi ule ni sumu.

Kwa hiyo deni la mwenye kupima lina sehemu tatu. Ya kwanza ni kupima kwa uaminifu, bila kupunguza tarakimu kwa kumwogopa mwenye kiwanda, wala kuziongeza kwa kutafuta sifa. Ya pili ni kusema, na kusema kwa lugha ya anayekunywa. Kiswahili chetu hakikukuzwa kwa ajili ya ushairi na hotuba peke yake. Kinapaswa pia kubeba habari za maabara hadi kisimani. Ya tatu ni ya taifa zima: kutomwacha mkulima na ukweli mtupu mkononi. Anayeambiwa asimwagilie kwa maji ya mto hana budi kuonyeshwa maji mengine, au zao jingine lisiloliwa. Ukweli usiofuatwa na msaada humfanya maskini auchukie ukweli wenyewe.

Nasi tusikiao tuna deni letu. Daftari likisomwa mbele yetu, tusigeuze uso kwa kuwa tarakimu zinatutaja sisi tuliotupa taka mferejini usiku.

Mwalimu uisomaye makala hii, wapeleke wanafunzi wako kwenye kijito kilicho karibu na shule. Wachote maji, wayatazame, wayapime kwa vifaa mlivyo navyo, hata vikiwa haba, na waandike walichokiona pamoja na tarehe. Kisha wawasomee wazazi wao waliyoyaandika, kwa maana wao ndio wanaoyachota maji hayo kila asubuhi.