Alama za Meno

Katika biashara ya viko vya zamani vya Marekani, kinachonishangaza zaidi ni bei. Kiko cha miaka ya 1930 kilichosahaulika kwenye rafu ya duka, kisichowahi kutiwa hata chembe ya tumbaku, huuzwa ghali kuliko pacha wake aliyevutwa miaka nenda rudi. Yaani soko linamlipa zaidi yule ambaye hakupata wa kumpenda.

Haya nimejifunza kwa jirani yangu hapa New Jersey, mzee mstaafu ambaye kabati lake la vyombo halina sahani. Limejaa viko vya briari, vyote vya viwanda vya Marekani. Vya Waingereza na Wadenmaki, pamoja na sifa zao zote, havimshughulishi. Anavyovienzi hasa ni Kaywoodie, kazi ya kampuni ya Kaufman Brothers & Bondy iliyoanza New York mwaka 1851. Akikipata kimoja hukifungua mrija kama mtu afunguaye skrubu, akakitazama kile kipande cha chuma kilicho ndani, akahesabu matundu yake. Yakiwa manne hutabasamu, maana hicho ni cha zamani kuliko chenye matatu. Ana pia Dr. Grabow, kiko cha bei ya chini kilichokuwa kikiuzwa kwenye maduka ya dawa. Ndiyo, maduka ya dawa! Na kilikuwa kimeshavutishwa tumbaku na mashine kiwandani, ili mnunuzi asisumbuke kukizoesha moto.

Briari yenyewe si mti wa Marekani. Ni kichaka cha nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania, na kinachochongwa ni fundo linaloota chini ya ardhi, pale shina linapokutana na mizizi. Fundo hilo huchukua miongo kadhaa kukomaa, kisha huchemshwa na kukaushwa taratibu kabla ya kuguswa na fundi. Vita Vikuu vya Pili vilipoziba njia za meli, viwanda vya Marekani vikaishiwa. Watu wakapanda milima ya North Carolina kuchimba mafundo ya kichaka kingine, mountain laurel, na huko California wakachimba manzanita, iliyouzwa kwa jina la Mission Briar. Vita vilipokwisha, briari ikarudi na vile vya dharura vikaachwa. Wakusanyaji wengi hadi leo huvipita wakidai vinapata joto upesi. Mzee anavyo, na haviuzi.

Lakini nilitaka kuzungumzia usafi. Viko hivi hutoka zaidi kwenye minada ya nyumbani. Mtu amefariki, watoto wako majimbo ya mbali, basi Jumamosi moja nyumba inafunguliwa na kila kitu kinabandikwa bei, kuanzia kitanda hadi vijiko. Kiko kinafika kwa mzee kikiwa na masizi magumu ndani na mrija uliogeuka rangi ya kijani chenye ukahawia, kwa sababu mrija wa zamani ni mpira mgumu uliopikwa na salfa. Ukiulowesha na kuusugua kwa msasa, unanuka yai viza. Bakuli la kiko hujazwa chumvi na kudondoshewa spiriti. Kesho yake chumvi imekuwa rangi ya kahawa. Mwisho hupakwa nta.

Yanabaki meno. Karibu kila kiko kilichovutwa kina vishimo viwili kwenye ncha ya mrija, juu na chini, mahali mwenyewe alipokibana akiendesha gari au akisoma gazeti. Mpira ule una tabia ya ajabu: ukiupitisha karibu na moto wa kiberiti, vishimo vinainuka na kujisawazisha, kana kwamba hapajawahi kuumwa. Mafundi wanaouza hufanya hivyo bila kufikiri mara mbili. Mzee hafanyi. Anasafisha uchafu wote, ila meno anayaacha, na akiulizwa hujibu kwamba uchafu ni wa tumbaku lakini meno ni ya mtu.

Mimi nakubaliana naye, na ushahidi wangu uko Washington. Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani yana kiko cha briari cha Albert Einstein, ambaye aliishi Princeton, hapa hapa jimboni. Alikitafuna mrija hadi ukatoboka. Hata baada ya kuacha kuvuta kwa ajili ya afya, aliendelea kukishika mdomoni. Nani angethubutu kuliziba tundu lile? Lakini karani wa posta aliyeuma kiko chake kwa uaminifu uleule tunamfutia meno kwa kiberiti, ili kiko kipate dola chache zaidi.

Sitetei tumbaku. Ripoti ya mganga mkuu wa serikali ya Marekani ya mwaka 1964, iliyowatia hofu wavuta sigara, ilikihusisha kiko na saratani ya midomo. Mzee mwenyewe havuti.

Kinachomsumbua ni majina. Ana viko vya watu chungu nzima na hajui hata mmoja wao aliitwa nani. Kwetu, baba akifariki, fimbo yake humwendea fulani na koti humwendea fulani, na kila mmoja anajua alichopewa kilikuwa cha nani. Lakini nasi sasa tumetawanyika: mmoja Mwanza, mwingine Muscat, mwingine huku. Kwa hiyo, wewe uliyebaki na kiko cha babu, au saa yake, au miwani yake, chukua karatasi leo. Andika jina lake kamili, kijiji chake na kazi aliyoifanya, uikunje, uiweke pamoja na kitu hicho.