Je, Ni Haki Kustarehe kwa Msiba wa Mwenzetu?



Tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Ufaransa ilitekwa nyara, ikapelekwa Entebbe, ng'ambo ya ziwa letu. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli wakawaokoa wengi wa mateka. Desemba ya mwaka huohuo televisheni ya Marekani ilionyesha mchezo wa kisa hicho, "Victory at Entebbe". Januari 1977 ukafuata mwingine, "Raid on Entebbe".

Watazamaji wa michezo ya namna hii hugawanyika. Wapo wasemao kwamba yafundisha ushujaa. Wapo wasemao kwamba ni biashara ya damu ya watu. Sisi twaona kosa halimo katika kutazama, bali katika kudhani kwamba mchezo ukiisha, na msiba umekwisha.

Bibi mzee Dora Bloch, mmoja wa mateka, alikuwa hospitalini Mulago wenzake walipookolewa. Watu wa serikali ya Amin wakamwua. Michezo ile ilipoonyeshwa, jamaa zake walikuwa hawajapata hata mwili wa kuzika. Mabaki yake yalipatikana mwaka 1979, Amin alipokwisha kung'olewa. Nasi wa huku twajua gharama ya kumng'oa: Oktoba 1978 askari wake walituvamia hadi mto Kagera, watu wakaacha vibanja vyao wakakimbia.

Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Basi tutazamapo msiba wa watu wa kweli, na tujiulize: kama jamaa za marehemu wangekuwa wameketi nasi, tungeshangilia vilevile?