Kiko, Sigara na Neno "Afadhali"

Wako miongoni mwetu watu wavutao kiko ambao hawapendi kuhisabiwa pamoja na wavuta sigara. Husema: "Sigara ni ya mwenye haraka na mwenye kutawaliwa, kiko ni cha mtu aliyetulia." Neno hili si la kupuuzwa, kwani ndani yake mna haki na mna udanganyifu, na yampasa mwenye akili avitenge viwili hivyo kama mchele utengwavyo na pumba.

Tuanze na haki yake. Kiko chema huchongwa kwa fundo la mzizi wa kichaka kiotacho kandokando ya Bahari ya Mediterania, au kwa jiwe jeupe jepesi lichimbwalo Eskişehir, Uturuki. Mwenyewe huchagua tumbako yake, akaishindilia si kwa nguvu wala si kwa ulegevu, akaiwasha, akakaa nayo kitako akizungumza au akisoma. Akimaliza hukisafisha na kukipumzisha mpaka kikauke. Yote haya yataka subira. Ama sigara ya leo ni mtoto wa mashine: mwaka 1881 Mmarekani James Bonsack alipata hataza ya mtambo uwezao kutoa sigara zaidi ya laki moja kwa siku. Kilichotengenezwa kwa haraka huvutwa kwa haraka, na mkono hurudi mfukoni kabla moyo haujajua umetaka nini.

Tena moshi wenyewe si mmoja. Nguvu ya moshi wa kiko hupenya katika ngozi ya kinywa, basi wengi hawaushushi kifuani. Wa sigara hautoshelezi mpaka umezwe. Ripoti ya madaktari iliyotolewa na Serikali ya Marekani Januari 1964, ile iliyotangaza kuwa sigara huleta kansa ya mapafu, haikukiweka kiko katika daraja moja nayo. Lakini ripoti hiyo hiyo ilikitaja kiko kuwa huleta kansa ya mdomo; na uchunguzi wa baadaye umeonyesha kuwa mvuta kiko hupatwa na kansa ya koo na ya mapafu zaidi ya asiyevuta kabisa. Na aliyetoka katika sigara akahamia kiko, mara nyingi huendelea kuumeza moshi kwa mazoea yake ya zamani.

Basi udanganyifu uko wapi? Uko katika neno "afadhali." Neno hili hupima vitu viwili tu, wala halisemi kuwa kilicho bora kati yao ni chema. Mwenye deni la shilingi mia ni afadhali kuliko mwenye deni la elfu, lakini wote wawili ni wadeni. Mvuta kiko hujilinganisha na mvuta sigara daima. Mbona hajilinganishi na jirani yake asiyevuta?

Na yale mema ayasifuyo, utulivu, mazungumzo, subira ya mkono, je, yamo ndani ya tumbako? Wazee wetu waliyapata barazani kwa kikombe cha kahawa, na fundi wa kuchonga milango huyapata kazini mwake. Mema hayo ni ya mtu, si ya moshi. Adabu ya kutumia kitu huonyesha tabia ya mtumiaji. Haibadilishi asili ya kitu.

Tumbako ilipoingia nchi za Kiislamu karibu na mwaka 1600, maulamaa walikhitilafiana. Ibrahim al-Laqani wa Misri aliikataza. Abdulghani an-Nabulsi wa Damascus, aliyefariki mwaka 1731, aliandika kitabu cha kuihalalisha, akishika kuwa asili ya vitu ni uhalali mpaka ithibiti sababu ya kuvikataza. Hatuna haki ya kumdharau, kwani alihukumu kwa ilimu ya zama zake. Lakini madhara yaliyokuwa shaka kwake, kwetu sisi yamethibiti. Je, yafaa tuishike fatwa na tuisahau hoja iliyoisimamisha?

Ewe msomaji uvutaye kiko, wasema kuwa wewe ni bwana wa starehe yako. Iko mizani iliyo karibu nawe. Jioni ya Ramadhani, adhana ya Magharibi isikiwapo, moyo wako hutangulia wapi: penye tende na maji, au penye kiberiti? Na watoto wako wanaovuta moshi huo chumbani pasipo kuuchagua, wao nao wamestarehe? Aliye bwana kweli aweza kuamrisha kuacha, na akatiiwa. Asiyeweza, basi amebadilisha pingu ya chuma kwa pingu ya mti uliochongwa vizuri, na pingu hata ikinakshiwa ni pingu.