Kofia ya Taa

Jioni moja hapa Gwarama, katika vilima vya Buha, nilimkuta kijana wa bodaboda ameipeleka pikipiki yake kwa fundi ili ifungwe kofia ya taa, yaani kile kipande cha plastiki ngumu kikaacho juu ya taa ya mbele mfano wa ukope juu ya jicho, ambacho huzuia miale isipande ikamrudia mwendeshaji katika ukungu na vumbi, wala isimchome machoni yule ajaye kwa upande wa pili. Fundi hakushika spana mara moja. Aliielekeza pikipiki ukutani, akamkalisha kijana juu yake, kisha akaagiza gunia la maharage lifungwe nyuma, na hapo sote tukaona jambo: springi za nyuma zililala, mbele pakainuka, na ule mwanga uliokuwa umetua chini ukutani kwa staha ukapanda hadi kimo cha uso wa mtu.

Tangu jioni ile swali moja halijaniacha: je, mja huwa na dhima kwa dhara asilolikusudia wala kuliona? Wanazuoni wamefundisha kwamba amali hupimwa kwa nia, nami nalikiri hilo kwa moyo wote. Lakini nia ni siri baina ya mja na Mola wake, ilhali mama atembeaye kando ya barabara ya vumbi, mwana mgongoni na kuni kichwani, akipofushwa na taa ya mtu mwema huanguka mtaroni sawasawa na aliyepofushwa na mwovu. Na mwenye taa ndiye mtu pekee njiani asiyeweza kuiona taa yake kama waionavyo wengine.

Kitabu cha Kutoka chasimulia kwamba Nabii Musa, aliposhuka mlima Sinai, hakujua kuwa uso wake ulikuwa uking'aa. Waliojua ni watu wake, walioogopa kumkaribia, naye alipokwisha kusema nao akautia uso wake utaji, akiuvua kila aingiapo mbele za Mungu. Huenda mtu akauliza kama huko si kuificha taa, jambo ambalo Injili yenyewe yalikemea. La, hasha: taa iliyofichwa haimfai yeyote, bali iliyovikwa kofia huimulika njia ileile, na kinachozuiwa ni ile ziada ambayo haikuwa ikimnufaisha mwenyewe, ila ikimdhuru mwenziwe.

Tena kilichoiinua taa ile si kiburi cha kijana, ni mzigo halali wa riziki yake. Ndivyo zilivyo elimu, mali na cheo: kadiri tushehenezwavyo nyuma ndivyo mbele yetu panavyoinuka pasi na sisi kuhisi, wala kofia peke yake haitoshi, kwani taa iliyokwisha kuelekea juu huumiza hata ikivikwa.

Fundi alilijua hilo. Kabla ya kuifunga kofia, ambayo baadaye aliiachia nafasi mbele ya kioo kwa ajili ya moto wa glopu, alimtaka kijana ashuke, akampandisha mwingine mahali pake, kisha akamwambia akasimame ukutani mbele ya taa yake mwenyewe. Kijana alisimama kitambo, akakinga macho kwa kiganja, akasema, “Mzee, ishushe kwanza.”