Tairi Kipara na Kudra ya Mungu

Mvua za masika zinapokaribia, mwenye gari dogo la zamani aina ya Starlet huko Mang'ola hukabiliwa na swali linalomhusu fundi, na shehe na padri pia. Muda si mrefu barabara ya vumbi inayoshuka kutoka Karatu kuelekea Ziwa Eyasi itageuka tope. Je, kubadili matairi, mipira ya waipa na pedi za breki kabla ya tone la kwanza ni busara, au ni kumtilia shaka Mungu ambaye jina lake limebandikwa kwenye kioo cha nyuma? Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba ajali ni kudra, na siku ikifika hata gari jipya halimwokoi mtu. Hoja hiyo si ya kuchekwa, ila inachanganya mambo mawili: kulimbikiza na kutunza.

Maandiko yenyewe huyatenganisha. Katika Injili ya Luka, tajiri anayevunja maghala yake ajenge makubwa zaidi anaitwa mpumbavu. Katika Mathayo, wasichana watano wanapewa jina hilohilo kwa sababu iliyo kinyume: walikwenda kumpokea bwana arusi bila mafuta ya akiba kwa taa zao. Nayo hadithi iliyopokelewa na Tirmidhi inamtaka mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Mungu. Ghala la yule tajiri lilikuwa la nafsi yake, ilhali mafuta ya taa yalihitajika ili wajibu utimizwe. Gari dogo la Mang'ola liko upande wa taa. Leo limebeba magunia ya vitunguu, kesho mjamzito anayewahishwa hospitali. Kazi ya mifereji ya tairi ni kuyatoa maji pembeni. Ikishafutika, gari huteleza juu ya utando wa maji na breki hukosa cha kushika. Hapo dereva hajaweka rehani maisha yake peke yake. Abiria hawakuulizwa kama nao wanataka kumjaribu Mungu.

Mtu anaweza kupinga kwa kutaja majirani wa hapohapo bonde la Eyasi, Wahadzabe, ambao kwa vizazi wameishi kwa nyama, asali na mizizi bila kujenga maghala. Kama wao hawakuisumbukia kesho, kwa nini mwenye gari ajihangaishe? Lakini tazama mshale wa Mhadzabe. Mti wake umepashwa moto na kunyooshwa kwa meno, manyoya yamefungwa, na sumu imechemshwa na kupakwa kabla mnyama hajaonekana. Asiyeweka akiba ya chakula hutunza chombo chake, na akipata nyama huigawa. Kwa hiyo ushahidi huo unaiunga mkono hoja yetu: mtu anaweza kuiacha kesho mikononi mwa Mungu na bado asiende porini na mshale uliopinda.

Pingamizi zito zaidi ni la umaskini. Bei ya vitunguu ikianguka, matairi manne ni ndoto, na kumhubiria asiye nacho ni rahisi. Hata hivyo, kusafisha vichwa vya betri, kupima upepo wa matairi na kufuta taa hakuhitaji mtaji, na kusubiri hakuuzwi dukani. Mvua ikinyesha juu kwenye nyanda za Karatu, korongo la chini linaweza kufurika huku mbingu ya Eyasi ikiwa nyeupe. Maji yaendayo kasi, yenye kina cha sentimita 30 tu, yanatosha kusomba gari dogo; na yakiingia kwenye injini kupitia njia ya hewa, huweza kuiua papo hapo. Ni kweli pia kwamba mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilivunja hata yaliyojengwa imara. Matengenezo si mkataba unaombana Mungu atulinde. Ni sehemu yetu tu, na ya kwake tunamwachia. Basi tengeneza unachokimudu, na ukikuta korongo limejaa, zima gari usubiri. Maji ya korongo hupungua.