Nidaa ya Mzizi

Masika yalipokuwa yakielekea ukingoni, nilisimama katika shamba la mtama huko Nyegina, kati ya yale mawe makubwa ya nchi ya Musoma, nikamtazama mama mwenye shamba akiinama, akakishika kwa vidole viwili kijimea kifupi chenye maua ya zambarau, akakivuta taratibu na udongo wake. Na mizizi yake, myeupe kama uzi, ilikuwa imegandama kwenye mzizi wa mtama mithili ya mtoto aliyelala na titi kinywani.

“Tazama, mwanangu,” akaniambia. “Juu kimenichanulia ua, chini kinaninyonya.”

Hicho ndicho kiduha. Mbegu zake ni laini kama vumbi, mche mmoja huzaa maelfu kwa maelfu, nazo huweza kukaa ardhini miaka kumi na zaidi pasipo kuota, wala mvua peke yake haiziamshi, mpaka ipite karibu nazo harufu itokayo katika mzizi wa mtama au wa mahindi. Mwaka 1966 wataalamu wa Marekani waliipata kemikali yenye kazi hiyo katika mizizi ya pamba. Walakini lilibaki fumbo, nalo likadumu takriban miaka arubaini: kwa nini mmea utoe kwa hiari yake kitu kimwitacho adui yake? Mwaka 2005 watafiti wa Japani wakalifumbua. Harufu ile ile ndiyo nidaa ambayo mzizi humwitia rafiki yake kuvu, ambaye nyuzi zake hufika mbali udongoni, zikauletea mmea fosforasi, naye hulipwa kwa sukari iliyopikwa na majani juani. Mzizi huita riziki. Kiduha hutega sikio. Na kadiri ardhi inavyopungukiwa na fosforasi, ndivyo mzizi unavyozidi kuita.

Hapo ndipo moyo wangu ulipokwama, nami sijapata kuona katika maumbile jambo lililonihuzunisha kuliko hili, kwamba fukara, kwa sababu ya ufukara wake, hana budi kuita kwa sauti kubwa, na sauti hiyo hiyo ndiyo imwoneshayo mnyang'anyi mlango. Katika kanisa la Nyegina, ambako kijana Julius Nyerere alibatizwa mwaka 1943, waumini wameusikia mara nyingi mfano wa ngano na magugu. Lakini katika mfano ule yupo adui aliyekuja usiku kwa kusudi, ilhali katika shamba la mtama simwoni wa kumshitaki. Kiduha hakina nia wala hasada, na mbegu yake iliyochipua isipopata mzizi wa kuushika hufa baada ya siku chache. Nao mtama umekosa nini? Wapo wasemao kwamba kila taabu ni adhabu ya dhambi iliyofichika. Mimi siwezi kumtazama mama yule na mtama wake ulionyauka nikayakubali maneno hayo, kwani kuhitaji si kosa, na Mwenyezi Mungu aliyetuumba wenye haja hakutuumba wenye hatia kwa ajili ya haja zetu.

Je, mzizi ungenyamaza? Ukinyamaza kabisa, rafiki naye hatasikia. Ipo mitama ambayo nidaa yake imegeuka kidogo, kuvu akaendelea kuitambua na kiduha kikapitwa. Nayo pamba hukiita kiduha, kikaamka, kisipate cha kunyonya, kikafa. Huko Mbita, upande wa Kenya wa Ziwa Viktoria, ziwa hili hili la Musoma, watafiti wa taasisi ya wadudu ya ICIPE wamewafundisha wakulima tangu miaka ya 1990 kupanda mmea wa desmodiamu katikati ya mistari ya nafaka; mizizi ya mmea huo hukiamsha kiduha, kisha hukizuia kisishike.

Nilimsimulia mama habari hizi kwa urefu, pengine kwa urefu uliopita kiasi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanionesha upande wa pili wa shamba, karibu na zizi, ambako kwa misimu kadhaa amekuwa akimwaga samadi, na mtama wa huko ulikuwa umesimama, maua ya zambarau ya kuhesabika.

“Hiki hupenda shamba lililochoka,” akasema.

Akakilaza kiduha juu ya jiwe la moto kikauke kabla mbegu hazijakomaa, akarudi kwenye mstari wake.